Picha Ndogo Alizozifuta Bi Lebo

Saa moja na robo asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, mwanamke mmoja ameketi katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi la mdogo wake, kati ya maboksi ya karatasi na mashine mbovu inayomsubiri fundi tangu mwaka jana. Miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Kwenye kioo cha kompyuta yake kuna picha ya ubao wa kinyozi.

Anaitazama, kisha anaanza kuandika. Kichwa kimoja, kimegeukia kushoto. Mkasi. Kitana. Kiti chekundu, mguu mmoja mfupi. Akimaliza, anaisogeza picha hadi kona ya juu, halafu ya pili, halafu zile mbili za chini. Kila kona anaikuza mpaka inabaki madoa matupu.

"Zamani sikuwa naangalia kona," anasema bila kugeuka. "Sasa naziangalia kama mtu aliyeangusha pete."

Wenzake humwita Bi Lebo. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka tisa amekuwa mpangaji wa picha katika hifadhi ya mtandaoni ambayo wanajumuiya wake wameipa jina la Kabati. Humo watu hupakia picha za kazi za wachoraji wa mitaani: mabango ya vinyozi, kuta za shule, milango ya maduka, migongo ya malori. Ni kazi ambazo mwenye jengo akiamka na ndoo ya chokaa, zimekwenda.

Kabati lina picha elfu sitini na moja na ushee. Wapangaji ni sita. Posho yao si ya kumringia mtu. Inalipa bando na kubakiza kidogo cha sabuni. Chumba amepewa bure, kwa sharti kwamba wateja wakizidi atoke akasaidie kutoa kopi za vyeti.

"Watu huniuliza dada yako anafanya nini huko nyuma," anasema mdogo wake, mwenye duka. "Nikiwaambia anaangalia picha, wananipa pole."

Kuangalia kwenyewe si mchezo. Kila picha ina kadi yake. Jina la mchoraji linatangulia, halafu aliyetoa ruhusa, halafu kila kinachoonekana, kimoja kimoja, hata kama ni ndala iliyokatika mkanda. Isiyo na ruhusa haiingii. Mchoraji akisema kazi yake itolewe, inatolewa siku hiyo hiyo bila kuulizwa sababu.

"Kabati si jalala," anasema Bi Lebo. "Kila kitu mle ndani ni cha mtu."

Sentensi hiyo anaitamka polepole, kwa sauti ya mtu anayejisuta. Miaka mitatu iliyopita, nafasi ya kuhifadhia ilipoanza kujaa, yeye ndiye aliyependekeza kanuni mpya kikaoni. Picha mbili zikifanana, kubwa ibaki, ndogo itoke. Wenzake walimpigia makofi, naye alirudi nyumbani kifua mbele.

Kwa kanuni hiyo alifuta picha arobaini na tatu za mchoraji mmoja mzee, anayeitwa Fundi Kona kwa sababu sahihi yake daima hukaa kona ya chini kulia, kwa rangi nyekundu. Mzee alizipiga kwa simu ya bei poa, zikawa ndogo na zenye ukungu. Kumbe kijana mmoja fundi wa kompyuta alikuwa amezikuta mtandaoni, akazing'arisha, akazikuza, akakata kingo zilizochakaa. Sahihi ikaenda na kingo. Kisha akazipakia kwa jina lake, zikiwa zimechanganyika na nyingine zaidi ya mia mbili alizozoa huku na kule.

Bi Lebo aliona kubwa na ndogo zinazofanana. Akabakiza kubwa.

"Kijana hakubisha tulipomfuata," anasema. "Alisema alidhani ukiisafisha picha inakuwa yako, na hakumbuki ipi aliiokota wapi. Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka nani aliyemfungulia mlango."

Hayo hayakujulikana mapema. Yalijulikana mwaka jana, Fundi Kona alipokwenda kuomba kazi ya kuchora kuta za wodi ya watoto katika zahanati moja. Aliwaeleza kazi zake zote ziko Kabati. Wakafungua, wakaziona, na chini yake wakaona jina la mtu mwingine. Hawakumtukana. Walimpa maji ya kunywa, wakamsindikiza hadi getini.

Wiki hiyo ujumbe ukaingia kwenye sanduku la malalamiko, umechapwa na mke wake. Bi Lebo anao mpaka leo, ameuandika kwa mkono nyuma ya daftari lake: "Mwanangu, mimi sidai kitu. Naomba tu uniambie nimemwibia nani."

"Niliusoma nimesimama," anasema. "Nikakaa. Sikutoka kusaidia kopi siku ile, na mdogo wangu hakuniita."

Aliwaandikia wenzake asubuhi ileile kwamba kosa ni lake. Lakini kukiri ni jambo moja, kurudisha ni jingine. Picha ndogo zilishafutwa kabisa. Simu ya mzee ilishatumbukia kwenye kopo la rangi. Kuta nyingi zilishapakwa upya. Kilichobaki ni kadi, kwa sababu kadi ya picha iliyotolewa haitupwi, inahamishiwa sehemu wanayoiita droo ya chini.

Kadi zote arobaini na tatu zilikuwepo, kila moja na jina la mzee juu. Tatizo ni kwamba hakuna mahali Bi Lebo alipoandika ndogo ipi ilipisha kubwa ipi. Ilibidi alinganishe kila kadi na picha zile mia mbili na zaidi, kitu kwa kitu, na kila jibu lithibitishwe na wapangaji wawili. Safari hii hakuna aliyetaka jina liandikwe kwa kukisia.

Kazi hiyo ilichukua wiki saba. Katika wiki hizo, presha ya macho iliyokuwa ikimsumbua Fundi Kona kwa miaka ilikuwa ikimaliza kazi yake. Mkewe alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Hakuwa na papara. Aliuliza tu kama kuna lililopatikana, kwa sababu mzee alitaka kuliona jina lake chini ya picha, kwa macho yake.

Majina thelathini na moja yalirudishwa siku moja, Jumatatu. Bi Lebo alipiga simu kwa furaha. Mke wa mzee alishukuru sana.

"Akaniambia, 'Mwanangu, wiki ya tatu sasa haoni hata dirisha.'" Bi Lebo anavua miwani na kuifuta kwa kanga, ingawa haina vumbi. "Wiki tatu. Mimi naishi na wiki tatu hizo."

Zimebaki picha kumi na mbili. Bado zimo kati ya zile alizozoa kijana, ambazo zote chini yake pameandikwa "Mchoraji hajathibitishwa", na hapo ndipo aibu yake ya pili ilipo. Kadi za hizo kumi na mbili zina maneno matatu matatu. Ukuta, watu, rangi. Mlango, ndege, maua.

"Siku zile nilikuwa nimechoka, nikaandika ili mradi nimeandika," anasema. "Nikasema nani atakuja kusoma. Kumbe ni mimi."

Saa tatu kasoro, mdogo wake anafungua duka. Bi Lebo anaziba sikio moja kukwepa mlio wa mashine na kumpigia simu Fundi Kona, huku wapangaji wawili wakisikiliza kwenye laini hiyo hiyo. Wazo ni la mzee mwenyewe. Wiki iliyopita alisema hivi: kwa kuwa kadi hazisemi kitu, mwacheni yeye aseme. Hata kanuni zao hazina la kupinga. Shahidi anayesimulia picha asiyoweza kuiona hawezi kushukiwa kwamba anachungulia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeshakunywa chai?"

"Bado, baba. Tuanze?"

"Basi kunywa kwanza. Mimi siendi popote." Anacheka peke yake, kisha anaanza. "Ukuta wa mashine ya kusaga. Kina mama watano kwenye foleni, wa mwisho kabeba mtoto mgongoni. Ndoo nyekundu. Kuku wanne."

Bi Lebo anapekua. Anaipata mashine ya kusaga, foleni, ndoo. Anahesabu kuku, anahesabu tena, na uso unamshuka.

"Baba, naona watatu."

"Wanne. Wa nne yuko nyuma ya ndoo. Nilimchora mkia tu, rangi nyeusi ilikuwa inaniishia."

Anaikuza picha. Pembeni mwa ndoo kuna michirizi mitatu myeusi ambayo mtu yeyote angeiita uchafu. Mpangaji mmoja kwenye simu anasema taratibu kwamba na yeye ameuona mkia. Wa pili anathibitisha. Bi Lebo anaandika jina la mzee mwanzoni mwa kadi, na chini kabisa anaongeza: kuku wa nne, mkia tu.

"Ndoo," anauliza mzee, "bado nyekundu, au imepauka?"

Bi Lebo anaitazama. Kijana aliyeisafisha ameikoleza mpaka inawaka, nyekundu ambayo haijawahi kuwa kwenye kopo la mchoraji yeyote wa mtaani.

"Imekolezwa, baba. Imezidi ulivyoiacha."

"Basi iandike hivyo," anasema mzee. "Andika si mimi niliyeizidisha."

Zimebaki kumi na moja, lakini ya pili haikutoka leo. Mzee aliianza vizuri, akataja mlango na njiwa, halafu akachanganya na mlango mwingine wa miaka ya nyuma, akarudi mwanzo, akaomba radhi, akasema amechoka. Ana miaka sabini na mmoja. Mkewe alichukua simu na kusema siku hizi wakati mwingine mzee humwita yeye, mkewe, kwa jina la marehemu dada yake.

Jumamosi hii Bi Lebo atapanda basi la asubuhi kwenda kwa mzee, na daftari jipya na kalamu mbili. Ameshawaomba wenzake wasimpangie picha nyingine yoyote, na mdogo wake amekubali kubaki na foleni ya vyeti peke yake. Anataka kukaa na mzee siku nzima, na kesho yake ikibidi, aandike kila atakachokumbuka hata kama hakieleweki. Kona atazitafuta baadaye.

"Macho yake nilishayachelewea," anasema, akiirudisha miwani puani na kuivuta picha inayofuata. "Sitaki kuchelewa mara mbili."