Unga wa Madini

Mume wangu alipopata kiharusi, mkono wa kushoto ulikufa ganzi na kazi ya uashi ikaishia hapo. Dada yake akashuka kutoka Bungu na tenga la simbilisi. "Hawa hawahitaji mikono miwili," akamwambia.

Nilidhani watamkera, vijinyama visivyo na mkia vinavyolia kama vifaranga kila mtu apitapo. Lakini nikaanza kumwona akiamka kabla yangu, akiburuta mguu kwenda bandani, akizungumza nao Kishambaa ambacho mimi Mzigua hakuwahi kunifundisha. Simbilisi walizaliana, na majirani hapa Chanika wakaja kununua. Akaanza tena kunyoa ndevu.

Kisha kiangazi kikakausha majani, tukabaki kuwalisha pumba. Majike wenye mimba wakalegea miguu ya nyuma, na watoto wakazaliwa wamekufa. Bwana mifugo alipokuja alikitazama chakula chao, akasema pumba peke yake haina chokaa ya kumtosha mwenye mimba. Tuwatafutie majani mabichi, na kwenye pumba tuchanganye unga wa madini, kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole tu. Niliununua Korogwe, kwenye duka la dawa za mifugo, nilipokwenda kumwona binti yetu.

Ulisaidia, siwezi kukana. Uzao uliofuata watoto walitoka wazima, macho wazi, wakakimbiakimbia siku ileile. Mume wangu alifurahi, akaongeza unga. Ncha za vidole zikawa kiganja.

"Baba, mtaalamu alisema kidogo," nilimwambia.

"Kama kidogo kimewasimamisha, kingi kitawanenepesha."

Aliyeanza kuugua ni jike la kahawia alilolipenda kuliko wote. Likawa linajikunja na kulia kila linapokojoa, na nyasi za kulalia zikaonekana na damu. Lilipokufa, bwana mifugo alilipasua pale uani, akatoa kibofuni jiwe jeupe, kubwa kama punje ya mahindi.

"Madini yamezidi, na maji wanayokunywa ni haba," alisema taratibu. "Yameganda."

Mume wangu alilishika lile jiwe, akaligeuzageuza. Wengine wawili walikufa vilevile. Tuliacha kumwaga unga ovyo, tukawaongezea maji, na waliobaki wakanusurika. Nikadhani msiba umepita.

Siku ya kliniki, muuguzi alimpima presha, akapima tena, kisha akamuuliza, "Mzee, dawa unameza?"

"Nikijisikia vibaya, nameza."

Tulirudi nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini anaruka dawa, alijibu bila hasira, "Si uliona kilichotoka kwenye kibofu cha yule jike? Mimi nameza vidonge kila siku tangu niugue. Unajua vimeganda wapi?"

Nilimwambia vidonge vya presha si chokaa. Akasema hata ule unga uliletwa kama dawa.

Nilimwita bwana mifugo, maana ndiye aliyekuwa akimsikiliza. Wakakaa bandani muda mrefu. Nilimsikia akisema, "Mzee, tungewanyima kabisa, wangeendelea kufia kwenye uzazi. Tatizo lilikuwa kipimo. Chako wewe amekipima daktari." Mume wangu aliitikia kwa kichwa, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani.

Haikupita wiki, asubuhi moja aliniita na maneno yakamtoka yamevurugika, mdomo umekwenda upande. Niliita bodaboda, nikakaa nyuma yake nimemkumbatia asianguke, tukaenda hospitali hivyo. Alilazwa. Binti yetu alikuja kutoka Korogwe akalia mbele ya baba yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu akue.

Amerudi nyumbani sasa. Anaongea, ingawa baadhi ya maneno inabidi niyakisie, na simbilisi nawahudumia mimi. Vidonge vya asubuhi humeza mbele yangu. Vya jioni anasema humeza mwenyewe, nami sijui.