Soya ya Kwetu

Kwetu Endabash, soya ni maharage. Ni punje za mviringo, za njano iliyopauka, zinazoiva upesi kuliko maharage mengine. Unayachanganya na mahindi upate makande, au unayaponda na ndizi, au unayaunga kwa kitunguu ukala na ugali. Mtu akisema jana alikula soya, hakuna wa kumuuliza soya gani. Aliyeyapa jina hilo simjui, ila hadi leo namwonea hasira.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hajatimiza miaka miwili. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mvua imetunyima, na maduka ya Karatu yamebaki na rafu na wenye duka tu. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, nami nikifuata nyuma na chupa ya maji. Nesi alimbonyeza miguu, akasema, "Mama, huyu amekosa protini. Saga soya, umchanganyie kwenye uji."

Mama alirudi anatabasamu. Dawa yenyewe ilikuwa nyumbani, kwenye debe la mbegu. Watu husema asiyejua maana haambiwi maana, na mama hakuambiwa. Alisaga yale maharage makavu, akakoroga uji. Yakipikwa mazima huchemka hadi yakalainika, na maji ya kwanza tunayamwaga, kwa sababu maharage yasiyoiva ni sumu tumboni. Lakini unga haumwagwi maji, na uji hauchukui muda jikoni. Mtoto aliunywa kwa hamu, kisha akatapika na kuhara. Mama akadhani ni ugonjwa ule ule unamzidia, akazidisha soya.

Tulimzika nyuma ya zizi. Nilimchukia kila mtu siku ile, hata waliokuja kutupa pole.

Msiba ulipokwisha, mama alirudi zahanati, nikamsindikiza. Alifungua pindo la khanga, akamwonyesha nesi punje chache kiganjani.

"Nilimpa ulichosema."

Nesi alizitazama. "Haya ni maharage, mama. Soya ni kitu kingine."

"Ikoje hiyo soya?"

Nesi aliziokota zile punje kiganjani mwa mama, akazigeuzageuza.

"Sijawahi kuiona," akasema. "Chuoni tulifundishwa jina tu."