Vestine na samaki asiyempa likizo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Vestine Nyiramana anafungua kliniki ya meno katikati ya Kigali na, kabla hata ya kuvua kitambaa cha kichwani, anachungulia ndani ya tangi la kioo katika chumba wanamosubiri wagonjwa.

"Bado iko," anasema, akishusha pumzi. "Kila siku nikipanda hii ngazi naomba nisiikute imelala ubavu."

Anayemkagua ni samaki kipepeo: wa manjano, mpana kama kiganja cha mtoto, mwenye mstari mweusi unaokatiza jichoni. Ni samaki wa maji ya chumvi katika mji usio na bahari. Daktari mwenye kliniki alimnunua ili watoto wapate cha kutazama wasisikilize mashine ya kutoboa meno. Kumtunza akamwachia Vestine, aliyeajiriwa kufagia.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo mama huyu wa miaka 46, mkazi wa mtaa wa Niboye, hajachukua likizo.

Maji ya tangi hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja na mia nne, ndani ya madumu yanayoletwa na Kalisa, dereva wa lori. Vita vilipoanza nchini mwaka 1990, safari zilianza kuchelewa. Mwaka huu wa 1993, Vestine amewahi kungoja wiki sita, akiyachuja maji yaleyale kwa kitambaa.

Umeme ukikatika, mashine ya hewa hunyamaza. Hapo hupiga magoti na kusukuma hewa kwa pampu ya baiskeli. Mwezi uliopita alisukuma kwa saa tano.

"Mkono ulikufa mpaka bega," anasimulia. "Wagonjwa wanapita, wananiambia, mama, pole. Pole haileti hewa."

Lakini kinachomchosha zaidi ni chakula. Samaki huyu alikataa dagaa wa Ziwa Kivu, akakataa mayai, akakataa chakula cha kopo. Anakula kamba wa baharini aliyekatwakatwa, tena akishikiwa na vidole vya Vestine, si vya mtu mwingine.

Mwezi Machi Vestine alikwenda kwao Gitarama kumzika kaka yake. Alikaa siku tatu. Aliporudi alimkuta samaki amejificha nyuma ya jiwe, na siku tisa zilizofuata hakugusa kitu. Daktari alisimama mlangoni akamwambia, "Umemzoesha vibaya."

"Nilishika ufagio nikaendelea na kazi," anasema Vestine. "Nilikuwa bado na msiba wangu."

Siku ya kumi samaki alikula. Mama mzazi wa Vestine, mwenye miaka 80 na macho yanayofifia, aliposikia kwamba binti yake hawezi kurudi Gitarama karibuni, alituma ujumbe wa swali moja: huyo samaki hana mama yake?

Swali hilo lilimkaa rohoni. Akamwendea Christella, karani wa mapokezi, mzaliwa wa Bujumbura, akamwomba ajifunze kumlisha. Kwa miezi miwili Christella alitumbukiza vidole majini kila asubuhi, samaki akimgeuzia mkia.

"Nilimwambia, Mama Vestine, hii samaki iko na kiburi, mimi nimechoka," anakumbuka Christella. "Akaniambia, mimi nilichoka kabla yako, rudisha mkono."

Alhamisi iliyopita samaki alisogea, akasita, akadonoa. Vestine alikuwa akitazama kutoka nyuma ya mlango.

"Roho iliniuma kidogo, siwezi kudanganya," anakiri. "Halafu nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kitu sijawahi kufanya. Ndiyo nikasikia miguu yangu inavyouma."

Alasiri hiyohiyo aliomba likizo ya wiki mbili. Daktari alimtazama Christella, akalitazama tangi, akatia sahihi. Vestine anaondoka Jumatatu.

Anapanga kumpelekea mama yake kitenge na sukari, na kumfulia mablanketi. Ila si siku ya kwanza.

"Siku ya kwanza nitalala," anasema. "Nitamwambia mama asiniamshe, hata wageni wakija."