Jani la sale kwenye filamu ya mwanangu

Leo nimesimama ukumbini bila kuitwa, na sijutii!

Binti yangu Neema, huyu niliyemzaa mimi mwenyewe, katengeneza filamu ya vita. Leo mwalimu wake wa chuo kaja Moshi kuikagua, na sisi wazazi tukaalikwa.

Mwishoni askari aliyemtelekeza mwenzake vitani hadi akafa anarudi kwa mama wa marehemu. Hasemi neno. Anamnyooshea jani la sale. (Nimelichuma mimi, kihambani kwangu, shamba la nyumbani!)

Mwalimu, ambaye si mtu wa huku, akasema: "Jani tu? Haieleweki. Kata hapo, aombe msamaha kwa maneno."

Neema akainamisha kichwa. Mimi nikainuka.

"Mwalimu, huku kwetu ukiletewa sale unasamehe, hata kama roho inauma. Huyo mama hana pa kukimbilia!"



Mwalimu akairudisha filamu nyuma, tukatazama tena. Safari hii akavua miwani.

"Kwani mama analipokea?"

Neema akainua kichwa: "Filamu inaishia mkono wake ukiwa hewani, mwalimu. Na sikati."

Mwalimu kakubali, haikatwi!

Haya wamama wenzangu, ingekuwa mwanao ndiye kafa, ungelipokea?