Nilipuliza mkono wa mwanangu kwa sababu ya wivu, nesi akaanza upya

Wakuu, heshima kwenu. Hii siyo chai, imenikuta mwenyewe, na wife akiusoma uzi atajua ni mimi. Poa tu.

Niko Lupiro, napiga boda. Masika haya binti yetu Neema, miaka minne, alishikwa na malaria kali. Hali, hanywi, kalegea. Tukamkimbiza Ifakara, akalazwa, daktari akaandika dripu na sindano za mshipa.

Akaingia nesi wa kumwekea kanula, kile kimrija cha mshipani. Mwanaume. Mrefu, nguo zimenyooshwa pasi.

"Asteria! Ni wewe?"

Wakuu, mke wangu kila mtu anamwita Mama Neema. Hilo jina natumia mimi tu, tena ndani.

Kumbe ndiye Odilo, wa kwao Malinyi, aliyepeleka posa kabla yangu. Nilikuwa namsikia tu. Bora angekuwa na sura mbaya.

Akanawa, akavaa glovu, akasugua mkono wa mtoto kwa pamba yenye spiriti. Halafu akasimama! Sindano anayo, hachomi. Anamuuliza mke wangu mama hajambo, kaka zake bado wanalima mpunga? Na mke wangu anacheka. Mtoto yuko hoi, yeye anacheka.

Nikaona huyu anavuta time. Nikainama nikaupuliza ule mkono, ukauke haraka, achome aondoke zake.

"Shemeji, umepuliza?"

(Shemeji wa nani?)

Akanielewesha kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi zaidi. Ngozi ina vijidudu, dawa inaviua huku ikikauka yenyewe. Ukipuliza unaweka vya mdomoni, na sindano inavipeleka kwenye damu.

Mama wa kitanda cha jirani akafunua mkono wa mwanawe. Umevimba, unatoa usaha. Kanula aliwekewa haraka haraka huko walikotoka.

Odilo akaanza upya. Pamba mpya, kusubiri upya, stori upya. Yaani muda nimemwongezea mimi mwenyewe!

Kesho yake Neema akajigeuza, kanula ikang'oka. Zamu hiyo kulikuwa na nesi mwingine, dada mmoja aliyezidiwa na wagonjwa. Akapangusa ngozi, akaugusagusa mshipa kwa kidole palepale, akashika sindano.

Nikakumbuka ule usaha.

"Samahani dada, umegusa baada ya kusafisha. Naomba urudie."

"Baba, kama unajua kazi, mlete unayemwamini."

Wakuu, nilikwenda kwa miguu yangu wodi ya pili kumwita yule mwanaume. Nikamwambia, "Kaka, naomba umsaidie mwanangu." Hilo neno kaka liliniuma kutoka.

Akaja. Akasafisha, akasubiri, akapiga stori na mke wangu. Mimi nimefunga mdomo, natazama unyevu ukiisha taratibu kwenye mkono wa mtoto. Sikuthubutu hata kukohoa.

Funzo kwa wazazi wenzangu: ngozi isafishwe, ikauke yenyewe, isiguswe tena wala kupulizwa. Mkimwona nesi kasimama tu, msidhani anatongoza. Na kama anatongoza, mwacheni kwanza amalize.

Neema karudi nyumbani, mkono safi, anakimbiza kuku. Ninayeumwa sasa ni mimi.

Jana wife kaniambia Odilo bado hajaoa.

Wadau wenye uzoefu, karibuni mchangie: amejuaje?