Mnazi wa Mdogo Wangu

Juzi mdogo wangu alinipigia simu. Mkewe amejifungua, basi naye anataka kujua kitovu chake yeye kilizikwa wapi kule Doha. Nikamwambia nimesahau. Uongo mtupu, rafiki yangu. Mahali penyewe napajua hata ukinifumba macho.

Kwetu Kilifi mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa, na mnazi hupandwa papo hapo; husemwa mnazi ukidhurika, mtoto naye hudhurika. Mama alikuwa muuguzi Qatar, na hakutaka desturi imponyoke kwa sababu ya ugeni. Mdogo wangu alipozaliwa, baba alirudi kutoka likizo Kilifi na nazi iliyoota, kaificha sandukuni katikati ya mashuka. Ikapandwa uani, karibu na dirisha la jikoni. Kazi yangu ilikuwa kuumwagilia maji ya kuoshea mchele kila jioni.

Nilipokuwa na miaka tisa mnazi ulishanipita kimo. Mwaka huo ikaja baridi ya kutisha, tukawa tunalala na masweta. Makuti yakababuka yote. Mama akashika panga, maana kwetu kuti kavu haliachwi juu. Mtunza bustani wa jirani, mzee wa Kihindi, akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta.

“La, mama! Usikate. Hilo ndilo blanketi lake.”

Akaja akaufunga magunia. Kisha akanionyesha jani changa la katikati, lile ambalo halijafunguka, akalivuta kidogo tu. “Limeshika. Moyo mzima. Sasa ngoja joto. Shwaya shwaya, pole pole.”

Kungoja ndiko kulikonishinda. Bibi alituambia kwenye simu kwamba subira yavuta heri; mimi nikavuta jani. Kila nikitoka shule nililivuta, nijue kama moyo bado uko. Likishika, nafurahi, nakwenda kula mahamri yangu. Siku moja lilicheza kidogo, nikadhani linakua. Alhamisi likatoka lote, chini jeupe, laini, linanukia nazi changa. Nikalirudisha tunduni mwake taratibu, nikaingia ndani.

Ijumaa mzee alikuja, akaligusa, likambakia mkononi. Akanitazama muda mrefu. Mimi nikatazama ndara zangu.

“Baridi, mama,” akasema.

Mama alilia kama mtu aliyefiwa. Tangu siku hiyo, kila mdogo wangu alipopata homa, mama aliutaja ule mnazi, nami nilijifungia chooni. Niliona aibu, na aibu haijaniisha.

Nyumba ile imevunjwa, pameegeshwa magari. Mzee alirudi kwao. Baba na bibi hawapo, mama naye tulimzika mwaka juzi; alikufa bado anailaumu baridi. Waliokuwa na haki ya kunigombeza wamekwisha, kasoro mmoja.

Naye, kabla hajakata simu, aliniuliza, “Dada, hivi Doha kuna baridi ya kuua mnazi kweli?”

“Mwaka ule ilikuwa kali sana,” nikamjibu.