Maziwa ya Mkwe

Mkono wa Rosa Kiden ulivunjika kwa jambo dogo hata kulisimulia ni aibu. Hakuanguka kutoka juu ya mti, wala hakugongwa na lori la kwenda Oraba, mpakani mwa Sudan. Aliteleza kizingitini pake mwenyewe, hapo Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akajizuia kwa kiganja, na kifundo cha mkono kikalia kama kijiti kikavu. Mwaka ulikuwa 1994. Alikuwa na miaka sitini hivi, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kupinda. Watu walisema ni jembe, yeye akasema ni uchovu. Wote walikuwa wanakisia tu.

Binti yake Norah, aliyekuwa akiishi naye, alimpeleka Arua kwa mganga mmoja wa zahanati aliyeitwa Okuonzi. Huyo alifunga mkono plasta, akautazama ule mgongo, kisha akaanza maswali.

"Nyumbani iko maziwa?"

"Iko," alijibu Norah. "Bwana yangu iko na ng'ombe."

"Samaki ndogo-ndogo, ile ya kula na mifupa yake?"

"Iko mingi. Bwana anauza kule Oraba."

"Ufuta, ile simsim?"

"Iko."

Okuonzi aliweka kalamu chini. "Sasa kama yote iko, mama anakula nini?"

Norah alitazama sakafu. "Muhogo. Na chai bila maziwa."

Basi Okuonzi akawaeleza polepole, maana alikuwa mtu wa subira. Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake hupungua haraka, na chakula kisiporudisha kinachopotea, hubaki mitupu ndani. Alimpa vidonge vya kalsiamu, akamwambia avitafune pamoja na chakula. "Lakini hii dawa ni ya kusaidia chakula tu," alisema. "Leo ni mkono. Kesho ni nyonga. Nyonga ikivunjika, mama, wewe hapana tembea tena."

Rosa aliitikia kwa kichwa. Maneno aliyaelewa yote. Tatizo lake halikuwa kutoelewa.

Kwa ukoo wao, mama hali kitu cha mkwewe, mume wa binti yake. Anaweza kulala katika boma lake kama hana pengine, lakini maziwa yake, samaki wake na nyama yake haonji, wala hakai naye uso kwa uso. Yakani, mume wa Norah, alikuwa akizungumza na mama mkwe wake kupitia ukutani, amempa mgongo, kama askari wa lindo. Mfungo huo hufunguliwa na mbuzi: mkwe huleta mbuzi, na mwanamume wa upande wa mke huipokea kamba. Kamba ikishapokewa, mama anakula. Mwacha mila ni mtumwa, na Rosa alikuwa amechoka kuwa mtumwa.

Maana kulikuwa na miaka ambayo mila hiyo ililala. Mwaka 1980, vita vilipowafukuza, walivuka mpaka wakaingia Sudan, na huko kambini palikuwa na chungu kimoja. Rosa alikula alichokula Yakani, kutoka mkono uleule, mbele ya macho yake, na hakuna aliyesema neno. Njaa haichagui. Mume wake Loro alifia huko kwa homa. Mwanawe Jale aliondoka na wenye bunduki, na hakuonekana tena. Miaka saba alikula hivyo, na kila tonge lilimwambia: huna kwenu.

Waliporudi mwaka 1987, boma la Loro lilikuwa kichaka. Yakani akamjengea Rosa kibanda pembeni mwa boma lake. Jioni ya kwanza Norah alimletea mama yake bakuli la maziwa. Rosa akalisukuma kwa upole. "Kule tulikuwa wakimbizi," alisema. "Sasa iko nyumbani. Nyumbani mutu hapana kula kitu ya mukwe." Aliyasema hayo kwa fahari, na Norah alifurahi pia, mjinga wa watu, akadhani mama yake amepona.

Tangu hapo alikula alicholima mwenyewe: muhogo, majani ya kunde wakati wa mvua, ufuta kidogo alipokuwa bado na mgongo wa kuupalilia. Kiangazi kiliposhika, majani yalikauka, akabaki na muhogo na chumvi. Miaka saba mingine ikapita hivyo, huku maziwa yakikamuliwa hatua chache kutoka mlangoni pake.

Vidonge, hata hivyo, alivikubali. Vilinunuliwa kwa pesa za Yakani, na usiku wa kwanza alivigeuzageuza kiganjani kama hakimu mwenye kesi ngumu. Mwisho akaamua kwamba dawa si chakula. Wazee walioweka mila hawakuwa wameona kidonge, kwa hiyo hawakukikataza. Akavitafuna mpaka vikaisha. Norah akatafuta vingine katika maduka yote ya Koboko, hakupata.

"Mama, kunywa maziwa," alimsihi. "Nani anaangalia wewe?"

"Mimi najiangalia."

"Ukianguka tena, mimi nitabeba wewe mpaka lini?"

 Rosa aliogopa hilo kuliko kifo: kulazwa juu ya mkeka, kupelekwa haja na binti yake, mbele ya boma la mkwe. Na bado hakunywa. Mtu akichoka sana hushika kitu kimoja na hataki kukiachia, hata kama kitu chenyewe kinamla.

Yakani ndiye aliyekata shauri. Alinunua mbuzi jike mweupe, akamfunga nyuma ya nyumba, kisha akaenda Oraba kumtafuta Tombe, mdogo wa marehemu Loro, mwanamume wa mwisho wa upande ule, aliyebaki akiishi Kaya, ng'ambo ya mpaka, ambako vita vya Sudan vilikuwa vimemfungia njia miaka yote hiyo. Wakati huo watu wa Sudan walikuwa wakivuka mpaka makundi kwa makundi, na magodoro vichwani. Yakani aliwauliza mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alimjua Tombe. Alikuwa amesaidia kumzika kando ya barabara ya Yei, huko Sudan.

Yakani alirudi mchana wa jua kali, akamwendea mbuzi, akamfungua. Akasimama nyuma ya kibanda cha mama mkwe wake, amekipa mgongo, kamba mkononi.

"Mama," alisema, "Tombe hapana tena. Mimi natafuta mutu ya kupokea mbuzi, hapana pata. Samehe mimi."

 Norah alikuwa amesimama uani na bakuli, akijua hata yeye mwenyewe hana haki ya kuishika kamba ile, kwa kuwa ameshaolewa na watu wengine.

Kisha Rosa akatoka. Alizunguka kibanda, taratibu, mkono wa plasta kifuani, akaenda kusimama mbele ya Yakani, uso kwa uso. Yakani akainamisha macho haraka. 

"Watu ya kwetu yote ni mimi," alisema Rosa. "Leta kamba."

Akaipokea kwa mkono wa kushoto. Norah alitaka kumsaidia, akamkatalia. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya kibanda chake kwa mkono mmoja na meno. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kucheka. Halafu akanyoosha mkono kwa Norah, akapewa bakuli, akanywa maziwa ya mkwewe yote, amesimama.

Alipomaliza alilia kwa sauti, kile kilio cha msiba ambacho jirani akikisikia huacha kazi yake na kuja. Alimlilia Loro, akamlilia Jale, akamlilia Tombe, kila mmoja kwa jina lake. Majirani walikuja kweli, wakauliza nani amekufa.

Jua lilipopungua, Rosa alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akakaa kizingitini, akamwambia Norah alete na samaki.